Waviking Waliokaa Mlangoni

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi sikuwa na haja na Waviking. Hawakupita kwetu Kitale, hawakuoa kwetu, na kama walichoma makanisa ya wenzao huko Ulaya, hiyo ni kesi yao na Mungu. Lakini mwaka ule nilikula Waviking, nikalala Waviking, nikaamka Waviking. Shule niliyofanya kazi hapa Dubai inafuata mtaala wa Kiingereza, na darasa langu lilikuwa limefika hapo. Nasema langu, kumbe lilikuwa la mwalimu Mwingereza, mimi nilikuwa msaidizi wake. Nyumbani nilifundisha historia sekondari miaka mingi, wanafunzi wakisimama nikiingia. Huku nikawa mtu wa kukata kadibodi na kufunga kamba za viatu vya watoto wa watu.

Basi nikakata kofia za Waviking, kila moja na pembe zake mbili, mpaka kidole kikaota sugu. Halafu nikaenda maktaba ya shule, nikasoma kwamba Waviking hawakuvaa kofia zenye pembe. Hawakuvaa! Nikamwambia mwalimu. Akacheka vizuri tu, akasema watoto wanazipenda. Nilirudi kwenye mkasi wangu nikiwa nimefura. Ukinikatisha pembe za uongo, basi nitasoma kitabu kizima nijue uongo mwingine uko wapi, ndivyo nilivyoumbwa. Nikaanza kubaki maktaba saa ya chakula, na sura iliyonishika ni ile ya jinsi watu hao walivyoingia katika Ukristo.

Nilitegemea kusoma habari za toba. Wafalme wakilia, vijiji vikipiga magoti, shoka likitupwa baharini. Wapi! Nilikuta watu wa biashara. Nilikuta fundi mmoja aliyekuwa na kalibu ya jiwe yenye kutoa misalaba na nyundo za mungu wao wa radi, vyote kwa moto mmoja, mteja achague mwenyewe. Nilikuta wafalme waliobatiza watu kwa upanga, na watu waliobatizwa leo na kesho kutwa wakawa porini wanachinjia miti. Nikafunga kitabu nikasema, ai, hawa nawajua. Hawa ndio wanafunzi wangu wa Jumapili.

Kwa maana Jumapili nilikuwa na kazi nyingine, isiyo na mshahara. Mchungaji wetu, Mkenya mwenzangu ambaye siku za juma ni wakala wa mizigo hapo Deira, alikuwa amenipa darasa la wanaojiandaa kubatizwa. Tulikutana kwenye ukumbi mdogo wa hoteli, Deira hapo hapo, wenye viti vya harusi vya dhahabu na harufu ya biriani ya jana. Wanafunzi walikuwa walinzi wa maduka makubwa, wahudumu wa mikahawa na wasichana wa kazi za nyumbani. Wiki hii wanakuja wote, wiki ijayo nusu wamebadilishiwa zamu. Mlinzi mmoja wa Eldoret, mtu mkubwa kama mlango, alikuwa akisinzia toka Mwanzo mpaka Ufunuo. Nilifundisha nikiwa na hasira, sifichi. Unamweleza mtu habari ya wokovu wa roho yake, naye anauliza kama chakula cha siku ya ubatizo kitakuwa na nyama.

Mmoja tu hakukosa hata Jumapili moja. Alikuwa dada Mganda, mfanyakazi wa nyumbani huko Mirdif. Dereva wa nyumba ile alimshusha stesheni ya metro asubuhi, naye akafika ukumbini kabla yangu. Nikiingia, viti vimeshapangwa. Kwao bibi yake alikuwa mtu wa mizimu na mama yake mtu wa kanisa la Krismasi tu, kwa hiyo alikuwa hajawahi kubatizwa popote. Alisikiliza kwa macho, kwa mdomo, kwa mwili wote. Nikitaja mto Yordani ungedhani ameona maji. Nilimpenda kama mdogo wangu. Mwalimu hasemi hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikia balaa. Kila kundi likimaliza masomo, wanafunzi huulizwa maswali mbele ya mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Maswali mepesi, ya mtoto wa shule ya Jumapili. Anayejibu anabatizwa, anayeshindwa anarudi darasani aanze upya na kundi jipya. Na dada yangu huyu, huyu wa kupanga viti, alikuwa anashindwa! Yesu alikuwa na wanafunzi wangapi? "Kumi." Nani alimbatiza Yesu? "Petro." Mara ya kwanza nikasema ni woga. Mara ya pili nikasema labda Kiswahili chake cha Kampala kinamchanganya. Mara ya tatu aliposema kumi tena, mzee mmoja akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama kweli huwa nafundisha. Mimi! Nilitaka sakafu ipasuke. Mlinzi wa Eldoret, aliyesinzia toka Mwanzo, alikuwa ameketi pale anangoja zamu yake, na nikaona hata yeye anamhurumia.

Nilijaribu kila kitu. Nilimwimbisha majina ya wanafunzi wote kumi na wawili. Nilimgombeza. Nilimbembeleza kwa maandazi. Darasani anajua, mbele ya wazee hajui. Nikaona basi, tatizo ni hawa watu wote kuchukulia ubatizo kama mchezo, na dawa yao ninayo. Nikawaletea Waviking.

Niliwaanzia na kisa cha mashati. Katika nchi ya wafalme wa Kikristo, nikawaambia, Waviking waliokwenda kubatizwa walipewa vazi jeupe zuri kila mmoja, na zawadi juu. Habari zikasambaa. Mwaka mmoja wakaja wengi mno, mavazi yakapungua, ikabidi mashati yashonwe haraka kwa kitambaa duni. Mzee mmoja wa Kiviking akapewa lake, akaligeuza, akakasirika. Akasema mimi nimeshaoshwa hapa mara nyingi, na kila mara nilipewa nguo ya maana, leo mnanipa gunia! Nilidhani watashtuka. Walicheka mpaka mhudumu wa hoteli akachungulia. Yule mlinzi alizinduka kabisa, akafuta machozi, akasema, "Mwalimu, huyo mzee ni mtu wetu. Shati ni shati."

"Nyamaza," nikamwambia. "Roho yako ni shati?"

Jumapili iliyofuata nikawapa kisa kingine, kile kilichoniudhi kuliko vyote. Wafanyabiashara wa Kiviking walipofika miji ya Wakristo walikuta shida: Wakristo hawakutaka kula wala kuuziana kwa raha na wapagani. Basi ukatafutwa ujanja. Kasisi alimwekea mgeni alama ya msalaba mlangoni mwa kanisa. Habatizwi, lakini si mpagani wa moja kwa moja. Amefika mlangoni. Akishapata alama ile aliruhusiwa kukaa na Wakristo na kufanya nao biashara, na akirudi kwao anaabudu anachotaka. Mguu ndani, mguu nje.

Dada wa Mirdif akanyoosha mkono. "Mwalimu, walikaa hapo mlangoni muda gani?"

"Wengine maisha yao yote. Wanabatizwa siku ya kufa."

"Na hakuna mtu aliwafukuza?"

"Nani awafukuze? Walikuwa wateja."

Akafikiri. Halafu akasema taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, "Hao walikuwa na akili."

Nilipandwa na mori. "Akili gani? Njia mbili zilimshinda fisi! Mungu si soko la jumla, eti unasimama mlangoni unauliza bei!" Nikaendelea hivyo mpaka sauti ikakauka. Yeye aliinamisha kichwa, akaondoa vumbi lisilokuwepo kwenye kiti.

Wiki chache baadaye niliwahi kufika. Nilipotoka kwenye lifti nikasikia sauti yake kwenye ujia, nyuma ya toroli la vyombo. Alikuwa amemkalisha yule mlinzi wa Eldoret kwenye kreti la soda, anamfundisha. "Kumi na mbili, kaka, si kumi. Rudia. Aliyembatiza Yesu ni Yohana. Petro alikuja baadaye. Usichanganye, watakurudisha." Akamtajia majina yote bila kukwama, mpaka yule wa mwisho aliyechaguliwa kwa kura kuziba pengo, ambaye hata mimi sikuwa nimewafundisha.

Nilijitokeza. Mlinzi alisimama kama askari, akakumbuka ghafla kwamba anaitwa chini. Tukabaki wawili.

"Kumi na wawili unawajua," nikasema.

Akaanza kupanga vikombe kwenye toroli.

"Wewe unanifanya mimi mjinga mbele ya wazee wa kanisa? Nimekukosea nini?"

Akaanza kulia, na akilia yeye huficha mdomo kwa kiganja, kwa hiyo nusu ya maneno nilijazia mwenyewe. Madamu wake ni mama mtu mzima, Mwislamu, aliyezaliwa Unguja na kuletwa huku akiwa mdogo, na Kiswahili chake bado kizima. Si mtu mbaya. Hapigi, hatukani, analipa. Lakini nyumba ina watu wengi, na siku ya mapumziko haipo. Sheria inasema ipo, kila mtu anajua inasema hivyo, ila sheria haikai getini kufungua mlango. Siku dada alipoomba ruhusa aende kujifunza dini yake, mama yule aliguswa. Akasema mtu akitaka kumjua Mola wake, yeye hawezi kumzuia. Jumapili utakwenda mpaka umalize masomo yako, ukishabatizwa, basi.

"Nikibatizwa, mwalimu," akasema, "nimekwisha."

Nilikaa juu ya lile kreti. Sikujua nimkasirikie nani kwanza. Nilijua Jumapili zake maana nyingi zilikuwa kwangu. Baada ya darasa alikuja Al Baraha, kwenye chumba tulichogawana wanawake kadhaa, akala tulichopika, akabishana na wenzangu habari za nywele, halafu akajinyoosha kitandani kwangu akitazama dari. Niliwahi kumwuliza kwa nini asiende kutembea, aone mji. Alijibu, "Mirdif naitwa kila dakika. Hapa hakuna mtu ananiita."

Lakini hasira ni hasira, ikanitoka. "Kwa hiyo Mungu ni kisingizio chako? Wewe ni Mviking, unataka shati tu!"

Aliondoa kiganja mdomoni. "Usiseme hivyo, mwalimu. Hilo usiseme. Mimi nayataka maji. Nayataka sana. Kila mkienda kuwabatiza wengine, mimi ndani ya metro nalia mpaka watu wananihama." Akapumua. "Na fisi wako huyo hakuwa na madamu."

Nikamwachia lile kreti akae, nikaingia ukumbini kufundisha.

Nikaenda kwa mchungaji. Nilimkuta ofisini kwake Deira, kati ya maboksi yaliyofungwa kamba, anabishana na mteja juu ya uzito wa friji. Mtu huyu anaweza kumshawishi mwenye meli apakie kitanda juu ya kabati juu ya jokofu. Nikamweleza yote, nikamwomba aende Mirdif aongee na yule mama kama kiongozi wa dini kwa mtu wa dini, amwombee huyu dada siku yake. Akashusha miwani. "Dada, ubatizo si likizo."

"Najua si likizo. Nakuambia anaipoteza siku kwa sababu ya ubatizo!"

"Tusiingie nyumba za watu. Sisi ni wageni hapa, hata ukumbi tunaupata kwa neema. Tuombe."

Tuombe! Neno zuri, nalo tulilitumia siku ile kama mtu anavyofunga duka. Niliondoka nikiwa nimeuma meno mpaka taya likauma.

Basi nikampigia yule mama mwenyewe. Dada alinipa namba, akamwambia mama kwamba mwalimu wake atapiga. Nilijiandaa kwa Kiingereza changu cha shule, mama akapokea, "Marhaba, mwalimu, hujambo? Za huko Deira?" kwa Kiunguja laini mpaka nikasahau nilichopanga.

"Sijambo, mama. Nimepiga kwa ajili ya mwanafunzi wangu."

"Ahsante, maana na mie nilikuwa na hamu ya kukuuliza. Hivyo hayo masomo yenu yana mwisho? Mwanangu kamaliza udaktari, na huyu bado hajamaliza kuchovywa majini?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kukata simu. Nikasema, "Mama, ubatizo ni mwanzo tu. Akishabatizwa ndiyo inambidi aje kanisani kila Jumapili."

"Hilo la kila Jumapili nalo litakwisha lini?"

Ningesema mwaka mmoja. Ningesema miwili. Mdomo ukakataa. "Haliishi, mama."

"Basi hayo si masomo tena, mwalimu wangu, hayo ni maisha. Mie nilimruhusu kusoma. Elimu siizuii, haki yake mbele ya Mungu. Lakini nina mama mgonjwa, nina wajukuu, Jumapili nyumba yangu inajaa. Mbona mie nasali humu humu ndani? Naye akishajua kuomba, chumba anacho, na aombe."

Nikamwambia sheria inampa mtu siku yake. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mwalimu, kama anaona namdhulumu aniambie mwenyewe, nimkatie tiketi arudi kwao kwa heshima. Kaniambia?" Hakuwa amemwambia, na sote watatu tulijua kwa nini. Nikamshukuru mama, naye akaniombea dua ndefu ya afya. Nilipokata simu nikapiga mto wangu ngumi, na mwenzangu wa kitanda cha juu akaniuliza kama nimefutwa kazi.

Juma lile shuleni tulifika kwenye kisiwa cha Aislandi. Huko Wakristo na wapagani walikuwa karibu kupigana vita, wakakubaliana kumwachia uamuzi mzee mmoja wa sheria, tena mpagani. Mzee akajifunika joho lake akalala kimya mchana kutwa na usiku, halafu akatoka akasema: nchi nzima itakuwa ya Kikristo. Lakini nyama ya farasi mtaendelea kula, na anayetaka kutambikia miungu ya zamani, afanye kwa siri. Na wengi walikataa kubatizwa kwenye maji baridi, wakangoja wafike kwenye chemchemi za maji moto njiani kurudi makwao. Nilikuwa nawakatia watoto joho la karatasi nikisikia hayo, nikajikuta nimeacha kukata. Kwa mara ya kwanza sikuwachukia. Niliona watu wanaotaka kuvuka ng'ambo na kitu kimoja tu mkononi ambacho hawawezi kukiacha.

Jumapili nikamwita dada pembeni, nikamsimulia. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi Jumapili ndiyo farasi wangu, mwalimu," akasema.

"Ndiyo farasi wako. Sasa sikiliza. Kaa mlangoni. Kosea maswali. Mimi sitasema kitu. Wakikurudisha mara kumi, utarudi mara kumi, na Mungu anakujua hata hapo ulipo."

Mimi niliyekuwa nimepayuka miezi mizima juu ya mguu ndani na mguu nje! Nilikuwa nimechoka kuwa na haki na watu wakaumia. Akanishika mikono yote miwili, akaniambia asante kwa Kiganda, na siku ile alicheka njia nzima mpaka Al Baraha.

Siku ya maswali ikafika, kabla ya Pasaka. Yule mlinzi wa Eldoret alijibu kumi na mbili kwa sauti ya gwaride, akapita, akarusha ngumi hewani. Zamu ya dada ikaja. Akaketi kwenye kiti cha dhahabu mbele ya wazee, magoti pamoja.

"Yesu alizaliwa wapi?"

"Yerusalemu."

Mzee mmoja akaguna. Mimi nikatazama zulia.

"Wanafunzi wake walikuwa wangapi?"

"Kumi."

"Nani alimbatiza?"

"Petro."

Mambo yalikuwa yanakwenda sawasawa kabisa. Nilishaanza kupanga nitapika nini jioni. Halafu mchungaji akafunga Biblia, akasugua uso kama mtu aliyeshinda bandarini. Nadhani alikuwa amemhurumia, labda hata maneno yangu ofisini yalikuwa yamemkaa. Akasema, "Dada, tuache haya maswali. Nikuulize moja tu. Unamwamini Yesu?"

Swali hilo halikuwemo. Miaka yote halikuwemo, kwani sote tulidhani jibu lake linajulikana. Dada akanigeukia. Nikamtazama kwa nguvu zangu zote: sema hujui. Sema bado. Sema ngoja nifikiri. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na mlinzi wa Eldoret aliacha kutafuna.

"Ndiyo," akasema.

"Kwa moyo wako wote?"

"Ndiyo. Kwa moyo wote."

"Khalas," mchungaji akasema, na uso wake ukang'aa. "Huyu anabatizwa."

Niliruka. "Mchungaji, hajui hata kumi na wawili!"

"Yule mwizi msalabani, mwalimu, alijua wangapi?"

Wazee wakasema amina. Ningewarushia kiti. Mchungaji anakuwa na akili siku moja tu katika mwaka, na lazima iwe siku hiyo!

Nilimkamata ujiani. "Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Samahani, mwalimu."

"Neno moja tu! Ungesema bado!"

"Kumi naweza kusema," akajibu. Hakuwa analia. "Petro naweza. Yerusalemu naweza, Mungu atacheka. Lakini hilo, mtu akikuuliza nawe ukakataa, umekataa kweli. Hilo si swali la shule."

Nilisema tu, "Sasa utafanyaje?" naye akasema hajui, na akaenda kupanga viti, ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari.

Nilijaribu tena kwa mama wa Mirdif, sikufua dafu. Alifurahi kusikia kwamba kafaulu, alifurahi kweli, akasema alikuwa ameanza kumwonea huruma kwa kufeli kila mara. Akaniambia atakuja kushuhudia mwenyewe, kwa kuwa mtoto wa watu yuko mikononi mwake na haifai siku yake kubwa asiwe na mtu wa nyumbani. Wewe mtu kama huyu utamchukia vipi? Ningependa awe mkatili nipate pa kushika.

Hoteli ilitupa bwawa la kuogelea la juu ya paa, mapema, kabla wageni wao hawajaamka vizuri. Maji yalikuwa ya uvuguvugu bila mtu kuyapasha. Mama alifika na dereva, amevaa baibui safi, akaketi kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli, taulo kubwa la nyumbani limekunjwa magotini. Alisalimia kila mtu kwa zamu. Alipoona mlinzi wa Eldoret anazamishwa na nusu ya bwawa inamwagika nje, alicheka akaziba mdomo kwa ukingo wa mtandio.

Dada aliingia wa mwisho. Alishuka ngazi akiwa ameshika chuma kwa mikono miwili, maji yakamfika kifuani, na uso wake ulikuwa hivi, sijui niseme vipi, ulikuwa wa mtu aliyefika. Mchungaji akamwita kwa jina lake, akamlaza, akamwinua. Alitoka anacheka na kulia na kukohoa maji. Tukapiga vigelegele mpaka madirisha ya jengo la pili yakafunguliwa. Na mimi nilipiga, nilipiga kuliko wote. Nilikuwa na furaha naye na nilitaka kumpiga mtu, vyote kwa wakati mmoja.

Mama alikuwa wa kwanza kumfikia. Akamfungia lile taulo mabegani, akamkausha nywele kwa mikono yake mwenyewe. "Hongera, mwanangu. Mungu akukubalie." Halafu akamgusa begani. "Haya, yalla. Wageni wanafika saa saba, na mchele haujachambuliwa."

Nikasogea. "Mama, kuna chakula chini ukumbini kwa waliobatizwa. Ale kwanza na wenzake. Ni siku yake."

"Mwalimu, kwangu chakula hakikosekani, atakula. Umefanya kazi kubwa, Mungu akulipe."

Nilitazama huku na huku nimtafute mchungaji. Alikuwa ndani ya bwawa bado, anapigwa picha na walinzi. Nilitaka kumwita kwa kelele na sikumwita. Tukatembea watatu mpaka kwenye lifti, maji yakimchuruzika dada kwenye visigino, mama akimwambia ashike ukuta asiteleze. Siku ile hakuna aliyekuwa amemkumbusha kwa mdomo kwamba ndiyo mwisho, na nadhani mpaka hapo alikuwa bado anatumaini kidogo. Lifti ikafunguka, wakaingia. Akanigeukia na taulo lake, macho mekundu ya klorini.

"Mwalimu, Jumapili ijayo mtafundisha nini?"

Mama ndiye aliyemjibu, kwa upole, akimpangusa tone la maji kwenye paji la uso.

"Atawafundisha wengine, mwanangu. Wewe umeshamaliza."

Lifti ikajifunga. Ilikuwa haijafika hata saa nne asubuhi.